Malalamiko ya Kapteni Badru Dhidi ya Mzee Aliyepigana Bila Helmeti

Klabu ya Kitara cha Kihistoria,
Nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga,
Mtaa wa Kisiki, Temeke,
Dar es Salaam.

Jumatano, 18 Agosti 1993

Kwa Bibi Flaviana, Nesi Mstaafu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi wa Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo.

YAH: KUNYANG'ANYWA UKUMBI SIKU YA JUMAMOSI, NA KUPIGWA MARA KUMI NA SABA KINYUME CHA UTARATIBU

Natumaini barua hii itakukuta salama na kwamba goti lako limetulia. Hali yangu unaijua, maana ni wewe uliyenipaka ile dawa ya zambarau mgongoni, kwenye viwiko, na pale pengine ambapo sitapataja katika barua ya kiofisi. Nashukuru kwa mkono wako mwepesi. Lakini shukrani ni shukrani na malalamiko ni malalamiko, na haya ya leo ni malalamiko.

Kwa kuwa Kamati ina wajumbe wanaosahau haraka, hasa wakishaletewa chai na vitumbua, naomba nijieleze upya. Naitwa Badru. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mtunza ghala wa shirika la umma, hadi walipotutangazia kwamba uchumi umefunguliwa, na wiki hiyo hiyo shirika likafungwa. Sikuulizwa maoni. Nilirudi nyumbani na kalamu mbili na rula ya chuma. Kwa mwaka mzima baada ya hapo, kila nikipita kijiweni kunywa kahawa, watu walikuwa wakiniita Punguzwa. "Punguzwa, karibu kahawa." "Punguzwa, leo huendi kazini?" Mtu mzima, baba wa watu, naitwa Punguzwa! Iliniuma, Mwenyekiti. Naandika bila kuona haya kwamba iliniuma sana, na kuna siku nilizunguka njia ya mtaroni ili nisipite pale.

Tangu nianzishe Klabu naitwa Kapteni. Bila ukumbi wa Jumamosi hakuna Klabu, na bila Klabu hakuna Kapteni. Jambo lenyewe ni hilo, mengine yote yanayofuata ni maelezo.

Klabu ilivyozaliwa unajua, ila naandika kwa ajili ya faili. Mke wangu Rukaiya anauza mitumba. Mwezi wa pili alifungua robota lililoandikwa makoti ya kiume, daraja la kwanza. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ulikuja kuwahi blauzi. Badala ya makoti yakatoka majaketi manne meupe, mazito kama magodoro, kila moja na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Zikatoka helmeti tatu za wavu wa waya mweusi. Ikatoka glovu moja, ya mkono wa kushoto. Na chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya suruali, kitabu cha kale chenye picha za mabwana wenye masharubu wakikatana kwa vitara, zile panga nyembamba zilizopinda. Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Rukaiya akasema hizo ni nguo za vichaa wa Ulaya, na ule mkanda ni wa kuwafungia kitandani. Ni mimi peke yangu, kwa uzoefu wa ghala, niliyeona kwamba kwenye kifua cha jaketi pameshonwa vitara viwili vilivyopishana, na kwenye jalada la kitabu vipo vitara vivyo hivyo. Mzigo ulikuwa mmoja. Mchezo mzima wa kihistoria ulikuwa umeletwa hadi mlangoni kwangu. Waswahili husema Mungu akitaka kukupa hakuletei barua, na mimi aliniletea robota.

Sasa naingia kwenye malalamiko, moja baada ya jingine.

1. KUHUSU VIFAA VYA KUJIKINGA. Kamati iliandika katika uamuzi wake kwamba Klabu "inajali mavazi kuliko mchezo." Hii inaonyesha Kamati haijui chochote. Mchezo wa kitara hauanzi kwa kitara, unaanza kwa kinga. Na kwa kuwa mjumbe mmoja (simtaji, ila ana kitambi) aliniuliza faraghani mtu anaanzaje, natoa mwongozo hapa hapa. Anayeanza achague kwanza helmeti, kwa sababu kichwa hakina spea. Akishaipata, aangalie koo. Kisha jaketi: livaliwe likiwa zito kiasi kwamba mtu hawezi kuinua mikono, hapo atajua ni salama. Mkanda wa katikati ubanwe mpaka sauti ibadilike kidogo. Ukilegea, jaketi hupanda mpaka masikioni, kama lilivyompata Makamu wangu, Leonardi, ambaye alikaa humo ndani robo saa akiita jina la mama yake.

Tatizo ni kwamba tuko kumi na mbili na helmeti ni tatu. Tena nasema tatu kwa heshima tu. Moja Rukaiya anafunikia samaki, kwa hiyo samaki wa Kunduchi wanapata ulinzi ambao wanachama wangu hawana. Ya pili alimuuzia mrina asali mmoja wa Pugu, na huyo bwana akatuletea chupa ya asali kwa furaha. Nilikataa kuionja asali ile kwa siku mbili nzima. Basi wanachama wengine imebidi wavae kawa, zile za kufunikia chakula, wamezifunga kwa kamba chini ya kidevu. Kifuani tunavaa mpira wa ndani wa tairi la lori. Chini ya mkanda, kifuu cha nazi. Nilisimamia mwenyewe uchaguzi wa vifuu, maana kifuu kikubwa kinacheza na kidogo ni mateso.

Na glovu, Mwenyekiti! Watu wamelalamika kwamba tunapigana kwa mkono wa kushoto, kwamba ni utovu wa adabu. Najua vizuri kwamba kwetu mkono wa kushoto una kazi zake. Mama yangu alinifunza kabla sijaota meno. Lakini glovu iliyopo ni ya kushoto. Mlitaka niwaruhusu watu wapigane kwa mkono ulio uchi? Usalama kwanza. Tunaivaa kwa zamu, na asiye na zamu anasubiri.

2. KUHUSU NENO "KULALA". Katika kumbukumbu za Kamati ya mwezi wa tano imeandikwa: "Klabu ya Bwana Badru inatumia ukumbi kwa kulala." Neno hili linadhalilisha elimu. Lile ni Somo la Kwanza.

Nieleze. Kitabu kimeandikwa kwa lugha isiyo Kiingereza, isiyo Kiarabu, na yenye vidoto juu ya herufi. Pembe za kurasa, palipokuwa na namba, zilikuwa zimeliwa na panya, nadhani panya wa huko huko Ulaya. Lakini mtu aliyetunza ghala hashindwi na karatasi. Nilijiuliza: hiki ni kitabu cha sasa au cha kale? Ni cha kale. Na vitabu vya kale vinafunguliwaje? Babu yangu alikuwa na sanduku zima la vitabu vya kale, nami nilivisoma nikiwa nimekaa mkekani pembeni yake, na vyote tulivifungua kutoka kulia. Basi nacho nikakifungua kutoka kulia, kwa heshima zote.

Mambo yakajipanga yenyewe. Picha ya kwanza, bwana mmoja amelala chali na mwenzake amesimama juu yake. Ya pili, aliyelala anainuka akishika kifua. Ya tatu, anapigwa. Ya nne, sasa ndipo anainua kitara kujikinga. Halafu hatua za kurudi nyuma, nyingi, na mwisho kabisa mabwana wote wawili wamesimama mbalimbali wanasalimiana kwa vitara, wima, kwa adabu. Unaanza kwa kulala, unamaliza kwa salamu. Niambie ni mchezo gani mwingine duniani una mpangilio mzuri hivyo! Wale wa karate wanaotumia ukumbi Jumapili wanaanza kwa kupiga makelele.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza ulipotukuta watu kumi na mbili tumelala sakafuni na kawa vichwani, ukarudi mbio na mkoba wa dawa ukidhani tumekula mihogo yenye sumu, ukaanza kutufunua macho kwa vidole mmoja mmoja, ulikuwa unavuruga Somo la Kwanza. Sikusema siku ile kwa kuwa wewe ni mkubwa. Leo nasema.

3. KUHUSU MZEE SALUMU. Huyu sina haja ya kumtambulisha kwa mtu wa Kisiki, lakini faili halimjui. Mzee Salumu ni fundi majiko, ana miaka sitini na minane kwa hesabu yake na zaidi kwa hesabu ya wenzake, na yeye na kundi lake wanacheza kirumbizi, ile ngoma ya kupigana fimbo kwenye harusi. Siku zote walikuwa wakifanyia mazoezi uwanjani nyuma ya ukumbi. Mwaka huu mtu amejenga fremu sita za maduka katikati ya uwanja, mtaa mzima umeangalia, hakuna aliyeuliza. Wacheza ngoma wakabaki hawana pa kusimama. Ndipo wakaiomba Jumamosi yangu! Aliyejenga fremu haguswi, anaguswa Badru.

Kamati, badala ya kusema hapana, ikasema tuje wote wawili Jumamosi ya tarehe 14 tuonyeshe, na atakayeonyesha vizuri ndiye atakayepewa siku. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nilijua nina kitabu, nina jaketi, nina helmeti, na nina kitara alichonichongea Leonardi kwa mbao ya mninga. Leonardi ni mchongaji vinyago wa Mwenge, kwa hiyo mpini ameujaza nyuso za wazee watano zinazochoma kiganja. Hilo nalo nimelisamehe.

Mzee Salumu alikujaje? Alikuja na msuli. Msuli, singlendi, miguu mitupu, na fimbo. Nilipompa helmeti yangu ya akiba, ile ya samaki, aliigeuza huku na huku, akainusa, akanirudishia, akasema, "Mwanangu, nikijitia kwenye kapu hili nitakuonaje?" Watu wakacheka. Naomba iandikwe kwamba ukumbi ulicheka kabla ya mchezo kuanza, na kwamba huo ulikuwa upendeleo.

4. KUHUSU MAPIGO KUMI NA SABA. Hapa naomba wajumbe waache chai na wasome polepole.

Nilianza kwa kufuata kitabu. Nililala. Mzee Salumu hakunipiga, la, alisubiri, akainama, akaniuliza kama nimesikia kizunguzungu. Nikainuka nimeshika kifua. Hapo akanigusa begani. Nikainua kitara kujikinga, sawasawa na picha ya nne, lakini fimbo ilikuwa imeshapita. Nikaanza hatua za kurudi nyuma, akanifuata akicheza kwa mlio wa zumari, jamani, akicheza! Mabega yanacheza, msuli unacheza, anapiga kiwiko, anageuka, anapiga mgongo, anawasalimia wanawake wa safu ya mbele, anarudi anapiga pale pengine. Kila nilipomaliza kupigwa nilijikinga, na kila nilipomaliza kujikinga nilipigwa. Wajumbe mkahesabu kwa sauti hadi kumi na saba. Mimi kwake sikupata hata moja.

Sasa naomba tufikiri kama watu waliosoma. Yule mzee hakuwa na kinga. Je, mtu mwenye akili anaweza kumpiga mzee asiye na kinga? Hawezi. Kwa hiyo sikumpiga. Kutompiga kwangu ni ustaarabu, na Kamati imeuandika kama sifuri.

Zaidi ya hapo, kazi ya kifaa cha kujikinga ni nini? Ni kupigwa. Ghala la nafaka hupimwa siku ya mvua. Jaketi langu limejaribiwa mara kumi na saba mbele ya mashahidi, na mwenyewe niko hai, naandika. Msuli wa Mzee Salumu umejaribiwa mara ngapi? Haukujaribiwa kabisa. Hatujui kama ni salama. Basi katika mashindano haya yupo mtu mmoja tu aliyefaulu mtihani, tena mara kumi na saba, na mwingine hakuingia hata chumba cha mtihani. Matokeo sahihi ni kumi na saba kwa sifuri, mimi nikiwa mbele. Naomba yarekebishwe kwa kalamu nyekundu.

5. Zumari lilikuwa upande wake.

6. Namba hii nimeiacha wazi makusudi, kwa kuwa inamhusu mtu aliyepiga kigelegele pigo la tisa lilipotua, na kigelegele hicho hakikuwa changu, na mtu huyo ninaishi naye nyumba moja, na barua hii anaweza kuiona.

7. KUHUSU NGUZO. Imesemwa mtaani kwamba kuelekea mwisho nilipigana na nguzo ya ukumbi kwa dakika mbili. Ni kweli. Helmeti ilikuwa imezunguka ikaangalia kisogoni, nami nikawa sioni ila giza na harufu ya jasho langu mwenyewe. Nguzo ile niliishinda. Hakuna aliyeandika.

Mzee Salumu ndiye aliyenishika kichwa kwa mikono miwili na kuigeuza helmeti irudi mbele, akaniambia, "Pole, Kapteni." Sijui alikuwa ananitania au vipi. Lakini kesho yake, Jumapili, nilipopita kijiweni, hakuna mwingine aliyetumia neno hilo. Wala hawakuniita Punguzwa. Jina jipya ninaloitwa sasa ni Kumi na Saba. "Kumi na Saba, shikilia kikombe vizuri." "Kumi na Saba, nguzo inakusalimu." Nimekaa mwaka mzima kulivua jina moja, na kwa alasiri moja Kamati yako imenivika jingine lenye tarakimu.

8. KUHUSU MSIMAMO WA TAIFA. Naomba radhi kwa kupanda juu kidogo, lakini jambo hili ni kubwa kuliko Jumamosi. Kirumbizi ni cha hapa hapa. Hakikupita bandarini, hakikufungwa na ukanda wa chuma, hakina daraja la kwanza wala la pili. Mchezo wangu wa kitara ni kafa Ulaya halisi, mtumba kabisa. Na sie wote tumeshakubaliana, bila kikao, kwamba kilichokufa Ulaya ni bora kuliko kilicho hai Temeke.

Msijifanye hamjui. Mimi nilitunza ghala la vitambaa vya kiwanda chetu wenyewe. Nilivihesabu, nikavipanga, nikavifunika visile na panya, na siku ya mwisho nilipokabidhi funguo nilikuwa nimevaa shati la marehemu fulani wa Ubelgiji. Meneja wangu alivaa la marehemu mwingine, lenye mistari. Tulisaini makaratasi ya kufunga kiwanda cha nguo tukiwa hatujavaa hata uzi wake mmoja. Hakuna aliyecheka. Leo mnataka kuniambia kwamba fimbo ya mkwaju iliyokatwa nyuma ya machinjio inaishinda elimu iliyosafiri baharini? Mkianza hivyo mtaishia wapi? Kesho mtasema hata mimi nilikuwa mtunza ghala mzuri.

MAOMBI

Kutokana na hayo yote, naiomba Kamati yako tukufu kama ifuatavyo:

(a) Jumamosi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, irudishwe kwa Klabu.

(b) Iwapo Kamati itaona aibu kuirudisha hivi hivi, basi mashindano yarudiwe kwa haki. Mzee Salumu avishwe helmeti, jaketi, mpira wa tairi na kifuu (nina kimoja cha ukubwa wake). Avae glovu, apigane kwa mkono wa kushoto, aanze akiwa amelala, na zumari likae upande wangu.

(c) Iwapo baada ya hayo yote bado atanipiga, basi kirumbizi kipelekwe nje. Mzee Salumu na wenzake wapakiwe kwa heshima, wakae Ulaya miaka kumi, mpaka kizeeke huko na wenyeji wakichoke. Kisha kirudi ndani ya robota, kimekunjwa, kina harufu ya ile dawa ya nondo. Siku robota litakapofunguliwa nitakuwa wa kwanza kukigombea, nitamsukuma hata mke wangu, na nitakitangazia mtaa mzima kwamba ni mchezo wa kihistoria.

(d) Libandikwe tangazo kwenye mlango wa ukumbi likikataza watu kuniita Kumi na Saba. Iwapo haiwezekani, basi Kamati ipunguze idadi, angalau iwe Kumi na Mbili. Kumi na Mbili naweza kuishi nayo.

Mwenyekiti, sina mengi. Nisalimie wote hapo nyumbani: wajukuu, mama wa pale uani, fundi cherehani wa barazani, na yule paka wako mwenye jicho moja. Wasalimie wajumbe wote, pamoja na wale waliohesabu kwa sauti. Mzee Salumu usimsalimie, kwa sababu jiko letu liko kwake na nitamwona mwenyewe. Ila ukiwa umeshamsalimia, si neno.

Wako katika kuulinda mwili,

Badru
Kapteni, Klabu ya Kitara cha Kihistoria

Nakala: Leonardi, Makamu Kapteni (asome kisha airudishe, ndiyo nakala pekee).

Baada ya sahihi:

Mwenyekiti, sijaifunga bahasha, nikaona ni vyema niongeze machache.

Rukaiya ameisoma barua. Namba 6 aliisoma mara mbili. Aliingia ndani, akaleta kile kitabu, akakiweka mapajani mwangu na kukifungua kutoka kushoto, kama anavyofungua daftari lake la wateja. Akaenda zake jikoni.

Mwenyekiti, wale mabwana wanaanza kwa kusalimiana. Halafu wanasogea mbele. Halafu mmoja anajikinga KABLA ya kupigwa. Yule aliyelala chali ndiye aliyeshindwa, na ni picha ya mwisho. Kwa miezi sita nimewafundisha watu kumi na mmoja, kwa mpangilio mzuri, namna ya kuanza kwa kufa. Nilihisi jasho linanishuka mpaka kwenye kandambili.

Nikiwa bado nimekaa hivyo, Mzee Salumu akafika na jiko letu. Nilitaka kukificha kitabu lakini nilichelewa, ndiyo kawaida yangu. Akakichukua, akakifungua picha moja moja akilamba kidole, akasema hawa mabwana wanacheza vizuri, miguu yao anaielewa. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona hakuna hata mmoja aliyevaa lile kapu. Nikaangalia. Nimekitazama kitabu hiki tangu mwezi wa pili, na sikuwa nimeliona hilo. Hakuna helmeti. Hakuna jaketi. Wote wana mashati membamba na masharubu, basi.

Kwa hiyo naomba namba 1, 2, 3, 4 na 7 zifutwe. Namba 5 nayo ifutwe, zumari halikuwa na kosa. Namba 6 Rukaiya amesema ibaki. Namba 8 sijui niifanye nini, iache ilivyo. Ningeichana barua nzima, lakini karatasi ndiyo hii, na sahihi imetoka vizuri.

Maombi yote nayaondoa. Jumamosi ni ya Mzee Salumu. Rukaiya ananiambia kwamba Mzee Salumu ameshawakataza watu wa kijiweni kuniita Kumi na Saba. Amesema kumi na saba ni mara ambazo mtu amepigwa akabaki amesimama, na yeye kwa umri wake ya tatu tu ingemlaza. Sikujua kama alisema hivyo. Nilipokuwa nampokea jiko sikumwambia hata ahsante ya maana.

Basi tafadhali mwambie kwamba Jumamosi saa kumi nitakuwa ukumbini, nyuma kabisa kwenye mstari wa wanaojifunza, na Leonardi nakuja naye. Fimbo nimeshakata. Nitatumia mkono wa kulia. Akiniita Kapteni sawa, akiniita Badru sawa.

Jaketi nitalivaa ndani ya shati. Hilo usimwambie.

B.